Stima na Haki ya Aliye Mbali

Limezuka swali katika darasa letu, na kwa kuwa wenzetu wamekhitilafiana juu yake, tumeona yatupasa tuliandikie ukurasa huu kuliko kulijibu kwa maneno mawili baada ya Isha. Swali lenyewe ni hili: Je, ni haki kwa serikali kuchukua fedha za watu wote na kuzitumia katika kufikisha stima kwa watu wachache walioko mbali kabisa, kama watu wa Bute na vitongoji vyake huko kaskazini ya Wajir, karibu na mpaka wa Uhabeshi, ilhali miji yenye watu wengi, na yetu ikiwa miongoni mwayo, bado yalalamikia bei na giza? Aliyeuliza hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amenunua tokeni, akaona alivyokatwa, akataka kujua anamlipia nani.

Basi na tuanze na hiyo tokeni. Kila anunuaye stima katika Kenya hukatwa ada ya kupeleka umeme mashambani, nayo ni shilingi tano katika kila mia ya bei ya umeme wenyewe. Kadhalika bei ya uniti ni moja kwa wateja wa namna moja, akiwa mtu yuko Mombasa au yuko Wajir, ijapokuwa mji wa Wajir umekuwa ukiwashwa kwa mitambo ya dizeli ambayo haikuunganishwa na gridi ya taifa, na dizeli hiyo huchukuliwa kwa malori mwendo mrefu, ikawa uniti moja ya huko yagharimu zaidi sana kuliko ile itokayo katika maji ya mto Tana au katika mvuke wa ardhi ya Olkaria. Ile tofauti hulipwa na wateja wote kwa pamoja. Kwa hiyo muulizaji wetu hakukosa hesabu. Ni kweli anamlipia mtu wa mbali. Lililobaki ni kujua kama yale alipayo ni sadaka anayoweza kuizuia, au ni deni lililo juu ya shingo yake.

Sisi watu wa pwani tumeizoea stima hata tumesahau jinsi ilivyotufikia. Katika habari za kampuni yenyewe ya umeme imeandikwa kuwa mtambo uliochukuliwa na kampuni ya kwanza ya Mombasa mwaka 1908 ulitoka Unguja, nao ni ule uliokuwa ukiwasha jumba la Sultani. Hatukuungoja miaka mia. Bandari ilikuwapo, reli ilikuwapo, na matajiri walikuwapo, na stima ikaifuata mali. Si kwamba sisi tulikuwa wema kuliko watu wa Bute, wala si kwamba tulifanya kazi zaidi kuliko wao. Anayedhani hivyo na akachunge ngamia katika jua la Februari siku moja tu. Ndugu zetu wa Lamu nao walikaa na mitambo ya dizeli miaka mingi mpaka ilipowafikia laini kubwa kutoka Rabai kupitia Garsen, na katika miaka hiyo yote hatukumsikia mtu wa Mombasa akisema kuwa Lamu haistahiki kwa kuwa watu wake ni wachache na wako kisiwani.

Huko kaskazini stima haikuchelewa kwa bahati mbaya. Zama za Mwingereza nchi ile ilifungwa, mtu haingii wala hatoki ila kwa ruhusa. Baada ya uhuru vikazuka vita vya mwaka 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikakaa juu ya shingo za watu wa Kaskazini Mashariki mpaka mwaka 1991. Na katikati ya vita hivyo, mwaka 1965, serikali ilitoa Waraka wa Bunge nambari 10, ambao ndio uliokuwa mwongozo wa uchumi kwa miaka mingi. Waraka ule ulisema kwa uwazi kuwa fedha za maendeleo zitiwe pale zitakapozaa zaidi, yaani mahali penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara, na penye stima tayari. Itazame vizuri hoja hii, ewe msomaji. Maana yake ni kuwa asiye na stima hapewi stima kwa sababu hana stima. Aliyepata akaongezewa, na aliyekosa akahesabiwa kukosa kwake kuwa ni sababu ya kukoseshwa tena. Leo miaka imepita, na wajukuu wa wale wale wanaambiwa kuwa hawana watu wa kutosha wala biashara ya kutosha hata iwe yafaa kupelekewa waya!

Twasema kuwa hili ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la uchumi. Na ushahidi wetu wa kwanza ni lile alilolifundisha Mtume (S.A.W.) kuwa watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Tunajua kuwa wako watakaosema, stima si moto wa kuni, imetengenezwa kwa mashine na kwa gharama, na aliyeitengeneza ana haki ya bei yake. Nasi hatukatai. Hata wanazuoni waliposherehesha neno la moto, baadhi yao walisema mwenye moto hana ruhusa kumkataza mtu kuota wala kuwashia taa yake, lakini aweza kumzuilia kaa lenyewe. Bei ya haki ni halali, na hapana mtu wa Bute aliyeomba stima ya bure. Tunalolisema ni jingine. Laini kubwa ya stima, ukiitazama, imevikusanya vitu vyote vitatu pamoja: chanzo chake mara nyingi ni maji ya mto, nguzo zake zimesimama juu ya malisho, na kinachopita ndani yake ni moto. Hapana kitu kingine tukijuacho kilichokusanya ushirika wote huu kwa mara moja. Basi vipi mchungaji ambaye malisho ni yake awe si mshirika?

Ushahidi wa pili umo katika Muwatta ya Imam Malik, nao ndio tunaoutaka msomaji auzingatie zaidi. Dhahhak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji wa maji kutoka bonde la Uraydh, na njia ya mfereji huo ilikuwa ni katika ardhi ya Muhammad bin Maslama. Muhammad akakataa. Kesi ikafika kwa Sayyidna Umar (R.A.), naye akamlaumu Muhammad kwa kumzuilia mwenzake jambo la kumfaa, hali ya kuwa lamfaa yeye pia, kwani atanyweshea ardhi yake mwanzo na mwisho na wala halitamdhuru. Alipozidi kukataa, Umar akaapa kuwa mfereji utapita. Wanazuoni wamekhitilafiana kama mtu aweza kulazimishwa namna hii, na hatutaki kuingia katika khitilafu hiyo leo. Lakini iangalie sababu aliyoitoa Umar. Hakusema mfereji upite kwa kuwa Dhahhak ana mashamba makubwa na mazao mengi. Alisema upite kwa kuwa mwenye ardhi atakunywa mwanzo na mwisho, na hatadhurika. Ikiondoka sababu hii, hukumu yasimama juu ya nini?

Sasa tuzitazame laini za kaskazini kwa jicho hili.

Katika nchi ya Marsabit, upande wa Loiyangalani, iko mitambo 365 ya upepo yenye nguvu ya megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini waya wa kuuchukua umeme wake mpaka Suswa, mwendo wa kilomita zaidi ya 400, haukuwa tayari hata mwaka 2018, na katika muda huo mabilioni ya shilingi yalitakiwa kulipwa kwa umeme ambao haukumfikia mtu yeyote. (Wanaonung'unika kwa shilingi tano za kupeleka umeme mashambani hatukuwasikia wakinung'unika kwa hayo.) Laini ilipokamilika, upepo wa Marsabit ukawasha Nairobi na kwingineko, na mji wa Marsabit wenyewe ukabaki na dizeli na mitambo miwili midogo ya upepo. Na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru ilihukumu kuwa hati za ardhi ile ya upepo, ekari 150,000, zilipatikana pasi na kufuatwa sheria. Kesi ikaendelea katika rufaa.

Kisha kuna laini kubwa zaidi, itokayo Wolayta Sodo katika Uhabeshi mpaka Suswa, urefu wa kilomita 1,045, ambayo ilianza kuchukua umeme mwaka 2022. Haipiti Bute, huingia Kenya magharibi yake, upande wa Moyale, ikateremka katika Marsabit na Samburu na Isiolo. Umeme wake watokana na mabwawa ya Uhabeshi, likiwamo lile la Gibe ya tatu katika mto Omo, ambao ndio uliao Ziwa Turkana, na wavuvi wa ziwa hilo wana malalamiko yao ambayo yangetaka ukurasa mwingine. Laini hii ni ya mkondo mmoja usiogeuka, na nguvu zake ni volti 500,000. Mafundi watakwambia kuwa umeme wa namna hii hauwezi kumegwa njiani kama vile mtu achotavyo maji katika bomba; wahitaji kituo kikubwa cha kuugeuza, na gharama ya kituo hicho ni kubwa kupita kiasi kwa mji mdogo. Udhuru wa mafundi ni wa kweli, nasi hatuna elimu ya kuwapinga. Lakini udhuru huo ulijulikana kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa. Ilikuwa ni wajibu wa waliopanga kusema: watu hawa tutawapitishia mfereji wasioweza kuunywa, basi tuwawekee nini mahali pake? Kuwalipa fidia ya mahali pa nguzo peke yake hakutoshi, maana Muhammad bin Maslama hakuambiwa kuwa atalipwa kwa shimo la mfereji, aliambiwa atakunywa.

Na Garissa? Pale yako mashamba ya vioo vya jua yaliyozinduliwa Desemba 2019, megawati 50 na zaidi, yaliyojengwa kwa mkopo wa Uchina. Umeme wake huingia katika gridi ya taifa, yaani gridi hii hii inayotuwashia sisi. Mtu wa kaskazini akitupa jua lake nasi tukalitumia, kisha tukamuuliza kwa nini anapewa stima kwa fedha zetu, huo ni usahaulifu wa ajabu.

Tumesikia hoja tatu za wapinzani. Ya kwanza ni kuwa wale ni wafugaji, leo wako hapa na kesho wako kule, na waya hauwezi kumfuata ngamia. Asemaye hivi haijui nchi anayoisema. Mtu huhama, lakini kisima hakihami. Skuli haihami, zahanati haihami, duka halihami, na Bute ni mji, si kambi. Vijana wakienda na mifugo, nyuma hubaki wazee na mama na watoto.

Na kisima ndicho kiini cha mambo yote haya. Kaskazini ile maji ya watu na wanyama kwa sehemu kubwa hutoka katika visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, na pampu zake nyingi huendeshwa kwa dizeli. Wakati wa mvua pampu hupumzika. Wakati wa ukame, wanyama wa nchi nzima hukusanyika kisimani, pampu hufanya kazi usiku na mchana, dizeli hupanda bei, na mashine huharibika katika siku ile ile inayohitajiwa zaidi. Kutoka mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na katika Kenya wanyama zaidi ya milioni mbili walikufa. Hatusemi stima ingeleta mvua. Wanyama wengi walikufa kwa kukosa majani, si kwa kukosa maji peke yake. Lakini mtu ambaye amebakiwa na mbuzi kumi, na kisima kiko mbele yake, na pampu imesimama kwa kukosa mtungi wa dizeli, hapaswi kuambiwa kuwa idadi ya watu wa kwao haitoshi.

Sayyidna Umar alipoweka malisho ya hifadhi, alimwagiza msimamizi wake Hunay amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye mbuzi wachache, na ajihadhari na makundi ya Uthman bin Affan na Abdurrahman bin Auf. Hakuwachukia masahaba hao wakubwa. Alieleza kuwa matajiri hao wanyama wao wakifa wana mashamba na mitende ya kurejea, ama maskini wanyama wake wakifa atakuja na watoto wake akilia mlangoni kwa khalifa, na majani na maji ni rahisi kuyatoa kuliko dhahabu na fedha. Hii ni hesabu ya uchumi pia, wallahi, na ni nzuri kuliko ile ya mwaka 1965. Serikali isiyopeleka umeme wa pampu hupeleka malori ya chakula cha msaada, mwaka huu na mwaka ujao na mwaka wa tatu.

Hoja ya pili ni gharama ya nguzo zenyewe: mamia ya kilomita za waya katika nyika kwa ajili ya nyumba chache. Hoja hii ina uzito, nasi hatutaki kuipuuza. Msongo wa kutoka Garissa kupitia Habaswein mpaka Wajir umekuwa ukitajwa katika mipango muda mrefu, na hata ukifika Wajir, Bute iko mbali zaidi bado. Kenya Moyale, ambayo ni jirani, kwa miaka mingi imepata stima yake kutoka Uhabeshi na si kutoka Nairobi, na hapana aliyeona aibu. Kwa hiyo sisi hatusemi kuwa haki ya mtu wa Bute ni nguzo. Haki yake ni nguvu ya kuvuta maji, ya kuhifadhi chanjo ya mtoto na ya ngamia katika baridi, ya kumwangazia mwanafunzi usiku, na ya kuendesha mashine ya fundi wa vyuma na ya kusaga nafaka. Ikija kwa waya, ahlan; ikija kwa mtambo wa jua uliojengwa pale pale mjini, ahlan pia. Tangu mwaka 2017 serikali ina mradi wa namna hii kwa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 150, kwa kaunti 14 zilizoachwa nyuma.

Walakini kuna hila hapa, na twataka kuitaja. Wako wanaosema "jua lawatosha," na wakisema jua wakusudia kioo kimoja juu ya bati, taa tatu na mahali pa kutia simu moto. Hiyo ni neema, lakini haivuti maji kutoka chini ya ardhi mita mia na zaidi. Kipimo chetu ni chepesi: anayeona kuwa kitu fulani kinamtosha mtu wa Bute, na akubali kuishi nacho katika nyumba yake ya Kizingo au Nyali kwa mwaka mmoja, pamoja na friji yake na pampu yake ya maji. Akikubali, nasi tutakubali.

Hoja ya tatu ni ya usalama. Ni kweli kuwa katika Wajir na Mandera na Garissa wako watu wenye silaha waliolipua minara ya simu na kuwaua mafundi na wasafiri, wakidai wafanya hivyo kwa ajili ya dini. Mwenye kukata mawasiliano ya mgonjwa na zahanati yake amewadhulumu Waislamu kabla ya kumdhulumu mtu mwingine, na hatuna la kumtolea udhuru. Lakini dhulma ya mvunja mnara haiwi sababu ya kumwadhibu aliyevunjiwa.

Iko nchi moja ya mbali yenye mfano wa kutufaa. Kaskazini ya jimbo la Ontario, katika Kanada, wako wenyeji wa asili ambao vijiji vyao vimetupwa katika misitu na barafu, nao kwa miaka mingi waliwashiwa kwa dizeli iliyoletwa kwa ndege au kwa barabara za barafu. Jamii 24 za wenyeji hao ziliungana, zikawa na hisa 51 katika kila 100 za kampuni ya kujenga laini, na laini hiyo ya kilomita 1,800 ikajengwa ili kuvifikia vijiji 17. Kimoja kiliunganishwa mwaka 2018, na ujenzi ukamalizika mwaka 2024. Tunalolitaka lionekane hapa si utajiri wa Kanada. Ni kuwa laini ile ilipangwa kwa ajili ya wale walio mwisho wake, na ikapita katika ardhi ya watu walioulizwa, wakashirikishwa, wakawa wenye mali. Kwetu watu wa malisho huitwa katika mkutano siku ya kuoneshwa mahali nguzo zitakaposimama.

Turudi kwa muulizaji wetu. Jibu letu kwake ni kuwa anachokilipa ni deni. Sehemu yake ni deni la mshirika kwa mshirika, na sehemu yake ni deni la miaka sitini ambayo fedha za wote zilitiwa pale palipokuwa na stima tayari. Wala hatumlaumu kwa kuuliza. Tena twamtaka aulize zaidi. Aulize kwa nini ada ile aliyokatwa miaka yote haijamaliza kazi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 204, iliweka Mfuko wa Usawazishaji, nusu shilingi katika kila mia ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, zahanati na stima, na stima imetajwa humo kwa jina, kwa sehemu zilizoachwa nyuma. Fedha za mfuko huo zimechelewa mno, na miaka mingi imepita kwa kesi na barua. Umewekewa muda wa miaka 20, nao wakoma Agosti 2030, isipokuwa Bunge liuongeze kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya kaunti katika Seneti.

Katika orodha ya kwanza ya kaunti 14 zilizohesabiwa kuwa zimeachwa nyuma, iliyotolewa mwaka 2013, Wajir imo, Garissa imo na Mandera imo. Na zimo Lamu, Tana River, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Wajumbe wetu wa pwani wana kura katika jambo hili sawa na wajumbe wa kaskazini, na twaomba kila msomaji anayemjua mjumbe wake amwendee kabla ya muda huo kwisha, amuulize atapiga kura gani, na amtajie mji wa Bute kwa jina lake, maana huenda akawa hajausikia.